Mabango ya Maduka Tororo: Urithi Tusiousoma

Tukitaja urithi wa Tororo, wengi hukumbuka ule mwamba unaosimama juu ya mji. Makala haya mafupi yanadai kwamba mabango ya maduka nayo ni urithi, na kwamba sisi watu wa lugha tuna wajibu wa kuyasoma kabla hayajafutwa.

Bango la neoni ni bomba la kioo lililopindwa kwa moto likawa herufi, likatiwa gesi na kuwashwa kwa umeme wa nguvu kubwa. Mfaransa Georges Claude aliuonyesha mwanga huo Paris mwaka 1910. Kwa hiyo historia ya mabango ya taa haitengani na historia ya umeme. Kwetu, bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa tarehe 29 Aprili 1954, na kufikia 1958 njia ya umeme ilikuwa imepita Tororo kuelekea Nairobi. Mji wa reli na saruji ukawa pia mlango wa umeme kati ya nchi mbili.

Hata hivyo, wafanyabiashara Waasia wa miji ya mashariki mwa Uganda hawakutegemea mwanga peke yake. Wengi waliandika jina na mwaka wa ujenzi kwa herufi za saruji, kwenye ukuta wa mbele juu ya baraza. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka yakagawiwa wengine. Jina la rangi hufutwa kwa brashi. Taa hufa ikikosa fundi na vipuri. Saruji hudumu, ikimtaja mwenye duka aliyekwisha kuondoka.

Hata neno "duka" lilitufikia kupitia lugha za Bara Hindi. Watu walifukuzwa, neno likabaki vinywani mwetu.

Leo mabango ya plastiki na taa za LED hufunika kuta hizo, na majengo mengine hubomolewa. Tangu 2005 katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili; basi wanafunzi wetu na wafanye kazi hii kwa Kiswahili. Waende Tororo, Malaba na Busia, wapige picha, wanakili kila bango, waandike lugha yake na mwaka wake, na wawaulize wazee duka lilikuwa la nani. Mji nao ni matini.