Theluji ya Ikweta na ziwa lililogeuka matatu

Mei 11, 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyeishi Rabai karibu na Mombasa, aliuona Mlima Kilimanjaro, wenye kilele cheupe. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za bara. Rebmann akaandika kuwa ameona theluji. Mwaka uliofuata mwenzake Ludwig Krapf, akiwa Ukambani, akaiona nyingine juu ya Mlima Kenya.

Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata. Theluji karibu na Ikweta? Alijenga hoja zake kwa vitabu, ilhali Wachaga waliijua baridi ya kilele hicho vizazi kwa vizazi. Jibu ni kimo: kwa wastani joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Kilimanjaro una mita 5,895.

Mmisionari mwingine, Jakob Erhardt, alikwenda Tanga kuwahoji watu wa misafara. Kila njia, aliambiwa, iliishia kwenye maji makubwa. Basi yeye na Rebmann wakachora ziwa moja tu, refu, lenye umbo la koa. Ramani hiyo ilipotangazwa mwaka 1856 ilizua mjadala mkali, na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikawatuma Richard Burton na John Speke kwenda kuhakiki.

Wakisaidiwa na wapagazi na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani, walifika Ziwa Tanganyika Februari 1858. Agosti, Speke alifika kusini mwa Nyanza, ziwa aliloliita Victoria. Mwaka 1859 David Livingstone akafika Ziwa Nyasa. Ziwa moja likawa matatu. Watu wa misafara hawakudanganya: kila mmoja alieleza maji aliyoyajua. Kosa lilikuwa la kuyaunganisha.

Hapa ndipo jiografia inapoanza. Somo hili halikomei kwenye kukariri miji mikuu na urefu wa mito. Huuliza kitu kiko wapi, kwa nini kiko hapo, na kinaathiri vipi maisha ya watu. Kisha humsikiliza mwenyeji, hupima na kusahihisha. Walimu wetu waifundishe hivyo, na wanapowataja Rebmann na Speke, wawataje pia Bwana Kheri na Bombay. Wao ndio walioongoza na kusaidia safari zile.