Taa Nne za Picard, Pingu za Liyongo

Waulize wapenzi wa Star Trek: The Next Generation ni lini hasa Kapteni Jean-Luc Picard alikuwa shujaa, nao watabishana mpaka usiku. Tamthilia hiyo ya Marekani ilirushwa kuanzia mwaka 1987 hadi 1994, vipindi 178, na katika muda huo Patrick Stewart, Mwingereza aliyekomaa katika majukwaa ya Shakespeare, aliokoa sayari na vyombo vya angani hadi hesabu ikachosha. Wako watakaomtaja Picard wa “The Drumhead”, anayemkabili admirali anayewaona wasaliti kila kona. Wako watakaomtaja yule wa “Darmok”, anayemsimulia kisa cha Gilgamesh nahodha mgeni anayekata roho kando ya moto. Mimi nakwenda moja kwa moja kwenye chumba chenye taa nne.

Kisa kimo katika “Chain of Command”, sehemu ya pili, iliyoonyeshwa Desemba 1992. Picard ametegwa na Wakardasia, taifa hasimu la angani, na kutiwa mikononi mwa Gul Madred, afisa mtulivu mwenye sauti ya mwalimu, aliyeigizwa na David Warner. Madred anavua mateka wake nguo, anamnyima jina, anamtia kifuani kifaa cha maumivu kinachowashwa kwa kubonyeza kitufe. Nyuma yake zinawaka taa nne. Anataka Picard aseme ni tano. Picard anasema nne, na kila anaposema nne anaumizwa. Stewart, mfuasi wa Amnesty International, alijiandaa kwa kutazama kanda za ushuhuda wa watu walioteswa, na inaonekana: hapigi kelele za kuigiza, anatetemeka kama mtu ambaye misuli yake imeacha kumtii.

Wazo lenyewe si geni kwa wasomaji wa Kiingereza. George Orwell alilitumia mwaka 1949 katika Nineteen Eighty-Four, pale Winston Smith anapoonyeshwa vidole vinne na kulazimishwa kuviona vitano. Winston anavunjika, na Orwell hamwachii hata chembe ya heshima. Kwa hiyo Picard anapotolewa chumbani na kugeuka kumpigia Madred ukelele kwamba taa ni nne, mtazamaji aliyesoma riwaya ile huruka kitini: hatimaye yupo aliyeshinda!

Hapo ndipo wengi hukata kipande na kukihifadhi. Lakini tazama vizuri kilichotokea. Walinzi wameshaingia kumchukua. Mapatano yamekwisha, kwa sababu Kapteni Jellico, aliyeshika nafasi yake kwenye chombo chake, Enterprise, ametega mabomu kuzizunguka meli za Wakardasia na kuwalazimisha kumrudisha. Ukelele ule haukumwokoa Picard wala mtu yeyote. Ushujaa, kwa macho yangu, unakuja baadaye, akiwa ameshavaa sare yake safi mbele ya mshauri wake Deanna Troi. Anamwambia kwamba mwishoni alikuwa tayari kusema lolote. Kisha anaongeza kwamba aliamini anaziona taa tano.

Hakuna aliyemlazimisha kusema hayo. Taarifa rasmi haina haja nayo. Angeweza kubaki na sifa ya ukelele ule maisha yake yote.

Sasa mlete Fumo Liyongo, shujaa wa pwani yetu ya kaskazini, Pate na Ozi, ambaye habari zake tumezipokea kwa nyimbo na kwa utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Naye ametiwa gerezani na mfalme anayemwogopa. Naye anangoja kifo. Lakini utendi haumpeleki msikilizaji ndani ya maumivu yake. Liyongo haanguki, hatetemeki, haoni kitu kisichokuwepo. Anatunga wimbo. Anamtuma kijakazi, Saada, aufikishe kwa mama yake, na walinzi wanausikia bila kung'amua kwamba ndani yake mna agizo: upikwe mkate wa wishwa, na tupa ifichwe humo. Walinzi wanaichukua mikate mizuri na kumwachia mfungwa ule wa pumba, kama ilivyokusudiwa. Kisha anaomba, kama haja yake ya mwisho, ichezwe ngoma ya gungu nje ya gereza. Watu wanacheza kwa kishindo, naye ndani anakata minyororo.

Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja, tofauti inayojitokeza kwanza ni nani yuko karibu na shujaa. Liyongo gerezani hayuko peke yake hata siku moja. Ana mama, ana mjumbe, ana mji mzima unaocheza bila kujua, au labda ukijua, kwamba ngoma yake inaficha sauti ya tupa. Picard ana Madred tu, na hata Madred anajaribu kuwa jamaa yake: anamleta bintiye mdogo chumbani, anamsimulia utoto wa njaa. Mtesaji anataka awe mtu pekee anayebaki ulimwenguni. Hilo utendi wetu hauna, kwa sababu wasimulizi wetu hawakumwazia kamwe shujaa asiye na watu.

Hata hivyo, nisiupambe mno upande wetu. Wangapi kati ya wanaomsifu Liyongo huitaja hatari aliyoibeba Saada? Alikuwa mtumwa, angekamatwa na tupa ile, hakuna ngoma ambayo ingechezwa kwa ajili yake. Picard, kwa upande wake, katika “The Measure of a Man” ya mwaka 1989 anasimama mbele ya mahakama kumtetea Data, mtu wa kuundwa ambaye mtaalamu mmoja anataka kumfungua vipande vipande kwa hoja kwamba ni mali ya Starfleet, jeshi la anga analotumikia Picard. Tena hoja ya kushinda haikutoka kichwani mwake. Guinan, mwanamke mweusi anayehudumu kwenye ukumbi wa vinywaji, akiigizwa na Whoopi Goldberg, ndiye anayemwongoza mpaka alitamke neno lenyewe: utumwa. Kama ungeniambia nichague kisa kimoja cha Picard kwa watoto wa Lamu na Zanzibar kujadili darasani, ningechagua hicho.

Kwa habari ya taa, lakini, sisi tunaye wa kwetu anayekaribiana zaidi na Picard kuliko Liyongo, naye si wa kubuni. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi ya kisiasa iliyouliza Kenya inakwenda wapi. Alikaa kifungoni miaka mitatu, muda mwingi akiwa peke yake, na akatunga mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalitoka mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Mojawapo, “N'shishiyelo ni lilo”, linakataa katakata kubadili msimamo: ndiyo taa zake nne. Lakini kitabu kizima hakikuitwa kwa jina la shairi hilo. Kiliitwa kwa dhiki. Mtunzi aliweka ukaidi na uchungu katika jalada moja, akauacha uchungu ndio ubebe jina. Liyongo wa utendi hangefanya hivyo, na nadhani ndiyo maana tunamstaajabia Liyongo lakini tunamwamini Abdilatif.

Kuhusu kifo cha Liyongo nitasema machache, kwa kuwa kila mtu anakijua. Mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa na mfalme, anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anainuka, anachukua uta wake, anapiga goti kisimani na kufa katika hali hiyo, mshale ukiwa tayari. Watu wanaogopa kuteka maji, mpaka mama yake anakwenda kumbembeleza. Ni picha isiyo na mfano, na naifananisha na ukelele wa Picard: zote mbili ni ushujaa wa kuonekana, mwili unaoendelea kutisha hata nguvu zikiwa zimekwisha. Tofauti ni kwamba Liyongo hakupata nafasi ya kurudi na kueleza kilichompitia alipokuwa amepiga goti. Picard aliipata, akaitumia.

Kwa hukumu yangu basi, “Chain of Command” ndicho kipindi bora cha Picard, na dakika yake bora ni ile ya kukiri. Ukikitafuta, usikizime kwenye ukelele. Subiri Troi aulize.