Nani Analipia Kusubiri? Ukomo wa Kikosi katika Vyuo vya Marekani na Wanariadha wa Manyara

Ikisiri

Makala hii inachunguza ukomo wa idadi ya wachezaji katika vikosi vya vyuo vya Marekani. Inaanzia kwenye futiboli ya nchi hiyo na kufuatilia athari zake hadi kwa wakimbiaji wa Manyara. Hoja yake kuu ni kwamba ukomo wa kikosi hauondoi gharama ya kukuza kipaji, bali huihamisha. Chuo kikubwa kikikataa kumsubiri kijana aive, gharama ya kumsubiri humwangukia mwingine: familia, chuo kidogo kinachoishi kwa ada, au taifa. Kwa kijana wa Mutuka, mjini Babati, njia mbili za kwanza ni finyu mno. Makala inahitimisha kwamba mzigo huo ni wa Tanzania yenyewe, na inapendekeza namna ya kuubeba.

1.0 Utangulizi

Tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha mapatano yaliyomaliza kesi ya House dhidi ya NCAA, chombo kikuu kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Habari iliyovuma zaidi ilikuwa ya fedha: fidia ya takriban dola bilioni 2.8 kwa wanamichezo wa miaka iliyopita, na ruhusa kwa kila chuo kuwalipa wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Kipengele kingine hakikusikika sana huku kwetu, ingawa ndicho kinachotugusa. Kwa vyuo vya daraja la kwanza vilivyojiunga na mpango huo, ukomo wa idadi ya ufadhili ulifutwa na mahali pake ukawekwa ukomo wa idadi ya watu kikosini: 105 katika futiboli, 45 katika riadha, na 17 katika mbio za nyika.

Mkazi wa kata ya Mutuka ana haki ya kuuliza futiboli ya Marekani inamhusu nini. Uwanja wa Tanzanite Kwaraa mjini Babati unajulikana kwa soka, na mchezo ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai hauchezwi katika shule zetu. Hata Waafrika Mashariki waliofika mbali katika mchezo huo wamepitia milango mingine. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka wa Uganda, alizaliwa Marekani na kusoma Boston College kabla ya kuchukuliwa na New York Giants mwaka 2006. Hata hivyo, futiboli ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya fedha za michezo vyuoni na kula sehemu kubwa ya fedha hizohizo. Hesabu yake ndiyo inayoamua michezo mingine ibakiwe na nini, na mmojawapo ni riadha, ambayo Manyara imekuwa na sauti ndani yake kwa miongo mingi.

2.0 Hesabu ya Kikosi

Uwanjani, timu ya futiboli huwa na wachezaji 11. Lakini wanaoshambulia, wanaolinda na wanaopiga mateke ni makundi tofauti, na wachezaji huumia mara kwa mara, hivyo kikosi huwa kikubwa. Mwaka 1973 NCAA iliweka ukomo wa ufadhili 105 kwa timu za juu. Ukashuka hadi 95 mwaka 1978, na mapema miaka ya 1990 ukafika 85. Namba hizo zilihesabu wanaolipiwa tu. Nje yake palikuwa na wachezaji waliojilipia ada, wakifanya mazoezi pamoja na wenzao kwa matumaini kwamba siku moja kocha angewaona. Vikosi vingi vilifika watu 120 na zaidi.

Kanuni mpya imegeuza utaratibu huo. Chuo sasa kinaruhusiwa kuwalipia wote 105, lakini hakiruhusiwi kumweka wa 106 hata kama anajilipia kila senti. Kabla yake, katika riadha na mbio za nyika kwa pamoja, wanaume waligawana ufadhili 12.6 na wanawake 18. Kwa maandishi, kanuni mpya imewanufaisha, kwa kuwa ufadhili unaweza kufikia idadi yote ya kikosi. Lakini ruhusa ya kulipa si wajibu wa kulipa. Chuo chenye dola milioni 20.5 za kugawa huanza na futiboli na mpira wa kikapu, na mkimbiaji husubiri kitakachobaki.

Waliopunguzwa walikuwa wengi kiasi kwamba mapatano yenyewe yalikwama. Jaji Wilken alikataa kuyaidhinisha hadi pande zote zilipokubali kwamba wanamichezo waliopoteza nafasi kwa sababu ya kanuni hiyo wasihesabiwe ndani ya ukomo. Hatua hiyo iliwalinda waliokuwa vyuoni tayari. Anayekuja baadaye hana kinga hiyo, na ndipo swali la makala hii linapoanzia.

Mchezaji wa 106 alikuwa mtu anayesubiri: aive kimwili, apone, au kocha atambue alichokosea kumhusu. Awali familia yake iligharamia subira hiyo na chuo kilimpa uwanja, kocha na wenzake wa kukimbizana nao. Sasa chuo kimeondoa mchango wake. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini hawakusema nani amlishe wakati anavumilia.

3.0 Chuo Kidogo na Namba Inayogeuka Maana

Chini ya vyuo vinavyoonekana kwenye televisheni kuna mamia ya vyuo vidogo. Daraja la pili la NCAA huruhusu ufadhili 36 wa futiboli, ambao kocha anaweza kuugawa vipande kwa wachezaji wengi zaidi. NAIA, shirikisho la vyuo vidogo, huruhusu 24. Daraja la tatu haliruhusu ufadhili wowote wa kimichezo, lakini huko ndiko kuna vikosi vyenye zaidi ya vijana 100 katika chuo chenye wanafunzi elfu moja au mbili.

Sababu ni ya kiuchumi. Chuo binafsi kidogo kinachopungukiwa wanafunzi huanzisha au kupanua futiboli ili kuongeza udahili, hasa wa wanaume. Kocha hupewa lengo la idadi ya watu wa kuleta, na kila mchezaji ni mlipa ada. Kwa chuo cha namna hiyo, ukomo wa kikosi ungekuwa pigo la mapato.

Vyuo vya kundi la NESCAC, kama Amherst na Williams, navyo ni vidogo na viko daraja la tatu, lakini kwa miaka mingi vimebana vikosi vya futiboli hadi wachezaji 75. Vina waombaji wengi kuliko nafasi, kwa hiyo kila mchezaji huchukua kiti ambacho mwanafunzi mwingine angekitaka. Chuo chenye njaa ya wanafunzi hupanua kikosi na chenye foleni mlangoni hukibana. Idadi ya wachezaji, basi, hutueleza hali ya chuo kabla ya kutueleza lolote kuhusu vipaji.

Mzazi wa Babati anahitaji kulielewa hili kabla hajauza ng'ombe. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana anapokea barua kutoka chuo kidogo: amepata nafasi kikosini, ada ni dola 50,000 kwa mwaka, naye amepunguziwa dola 30,000. Barua inasomeka kama ufadhili. Lakini vyuo binafsi vya Marekani, kwa wastani, huwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada iliyotangazwa, wawe wanamichezo au la. Punguzo la kijana huyu si upendeleo wa mguu wake, ni bei ya kawaida ya duka, na zimebaki dola 20,000, kabla ya nauli, bima na chakula. Kwa familia inayotegemea shamba la mbaazi na mahindi, hiyo si nafasi. Chuo kidogo hukubali kumsubiri kijana, lakini hutoza subira hiyo.

4.0 Njia ya El Paso

Watanzania waliotangulia walikuta mlango wa namna nyingine. Gidamis Shahanga wa Katesh, wilayani Hanang, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978 akiwa bado hajatimiza miaka 21. Alisoma Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, UTEP, na mwaka 1982 mjini Brisbane akatwaa dhahabu ya mita 10,000. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, Musoma, alishinda mita 10,000 za NCAA kwa chuo hichohicho mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati ya kipindi hicho akapata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. UTEP ilikuwa bingwa wa mbio za nyika mfululizo kuanzia 1978 hadi 1981. Katika mchezo ambao timu ikikamata nafasi tano za kwanza hupata pointi 15, mwaka 1981 ilipata 17.

Nyambui alizaliwa mwaka 1953, kwa hiyo alikuwa na miaka 26 alipotwaa taji la kwanza kati ya hayo manne. Hakuna chuo cha Marekani kilichomsubiri tangu akiwa na miaka 18. Alikuwa ameivia Tanzania, na El Paso ikavuna. Washindani walilalamika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 NCAA ikapitisha kanuni ya umri: mashindano ambayo mtu alishiriki baada ya kutimiza miaka 20 yakaanza kupunguza miaka yake ya kuchezea chuo. Kanuni hiyo iliwataka wageni waje mapema, na ukomo wa mwaka 2025 unawataka waje wakiwa tayari. Zikikutana, zinadai kijana mdogo aliyekwisha kukomaa. Wapo vijana wa aina hiyo, lakini ni wachache, na wengi wao hutoka mahali penye mfumo wa kuwaonyesha.

5.0 Hoja Pinzani

Yapo mawazo mawili yanayopinga msimamo huu. La kwanza ni kwamba ukomo husambaza vipaji. Timu kubwa zilipozuiwa kurundika wachezaji, walioachwa walikwenda vyuo vidogo na ushindani ukapanuka. Ndani ya Marekani hoja hii ina ukweli, na wapenzi wa soka wa Tanzania wanaijua mantiki yake kutokana na mjadala wa idadi ya wageni katika vikosi vya Ligi Kuu. Lakini inategemea aliyeachwa awe na chuo kingine cha karibu na uwezo wa kukilipia. Kijana wa Ohio anavyo vyote viwili. Wa Mutuka hana hata kimoja.

Wazo la pili ni zito zaidi: huenda ukomo ukawafaa wakimbiaji wa Afrika Mashariki, kwani kocha mwenye nafasi 17 hatamweka Mmarekani wa kulea wakati anaweza kumpata Mkenya aliyeiva. Dalili zipo. Doris Lemngole wa Kenya, akikimbilia Alabama, alikuwa bingwa wa mbio za nyika wa wanawake mwaka 2024. Lakini kocha hununua kinachopimika. Hasheem Thabeet alianza mpira wa kikapu Dar es Salaam akiwa na miaka 15 hivi, akapitia Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika mchujo wa NBA. Urefu wake ulijieleza wenyewe. Hakuhitaji saa ya kupimia. Mkimbiaji anahitaji muda ulioandikwa na kuaminika. Katika shule nyingi za Manyara mbio hukimbiwa kwenye uwanja wa nyasi wenye mistari ya chokaa, mizunguko ikikadiriwa, na mwalimu wa michezo akibonyeza saa ya mkononi. Muda huo unatosha kumpeleka kijana ngazi ya wilaya katika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, lakini hauwezi kumwingiza kwenye orodha ya kocha wa ng'ambo. Kwa hiyo ukomo unamfaa anayefahamika tayari na kumzamisha zaidi asiyefahamika.

6.0 Mzigo wa Kusubiri Uwe wa Nani?

Mfano wa kujibu swali hili tunao nyumbani. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na kupata shaba ya dunia London mwaka 2017. Kisha ikaja miaka minane bila medali ya dunia. Tarehe 15 Septemba 2025, akiwa na miaka 33, alitwaa dhahabu ya dunia mjini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03. Simbu ni askari wa JWTZ, kama alivyokuwa mkimbiaji wa marathoni Juma Ikangaa kabla yake. Jeshi lilimpa ajira na muda. Kwa maneno ya makala hii, taifa ndilo lililolipia subira yake.

Jeshi haliwezi kumsubiri kila kijana. Linalowezekana ni kueneza kanuni hiyo katika taasisi nyingine kwa hatua tatu. Ya kwanza, matokeo ya UMISSETA ngazi ya mkoa yapimwe kwa mitambo kwenye mzunguko uliothibitishwa urefu wake, kisha yachapishwe kwa jina, umri na muda. Mkoa hupeleka taifani idadi maalumu tu. Kijana wa nafasi ya nne leo hurudi nyumbani bila hata karatasi inayoonyesha alichokimbia. Ya pili, vyuo vya ualimu, vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vitenge nafasi chache za wanariadha wanaokubalika kitaaluma, kwa ufadhili wa miaka mitatu usiofutwa kwa msimu mmoja mbaya. Ya tatu, maofisa michezo wa halmashauri wafundishwe kusoma barua za vyuo vya nje na kukokotoa kile ambacho mzazi atalipa kweli, kwa sababu nafasi kikosini na ufadhili wa masomo si kitu kimoja.

7.0 Hitimisho

Ukomo wa kikosi umewekwa na Wamarekani kwa hesabu za Wamarekani, na hatuna kiti katika kikao kinachoubadilisha. Unaweza kupanuliwa kesho au kubanwa zaidi bila mtu yeyote kufikiria Hanang wala Babati. Kupeleka vijana ng'ambo ni jambo jema pale nafasi inapopatikana, lakini kuifanya njia hiyo kuwa sera ni kuwaachia wengine uamuzi wa nani asubiriwe. Halmashauri ya Mji wa Babati na Mkoa wa Manyara waanze na jambo lililo ndani ya uwezo wao: mzunguko mmoja wa mita 400 uliopimwa, saa ya mitambo, na daftari la matokeo lililo wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma.