Uchovu wa kihisia (walezi wa makao ya watoto)
Uchovu wa kihisia ni hali ya mlezi kuishiwa nguvu za moyo kutokana na kazi ya kulea watoto wasio wake usiku na mchana. Mwanasaikolojia Christina Maslach wa Marekani aliuweka kuwa nguzo ya kwanza ya uchakavu wa kazini, pamoja na ubaridi kwa anaohudumiwa na hisia ya kutofanikiwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa uchakavu huo ni jambo la kikazi, si ugonjwa.

Mwanza, jiji la Tanzania lililovuta watoto wengi wa mitaani, lina makao kama Forever Angels ya Bwiru, yanayopokea watoto wachanga. Hapo mama mlezi hubeba, hulisha na kubembeleza. Mtoto akishamzoea, anarudishwa kwa nduguze au anaasiliwa. Kuagana huko ndiko kunakochosha kuliko kufua nepi, ingawa ratiba za zamu hazihesabu jambo hilo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasimamia makao yenyewe kwa leseni na ukaguzi. Hata hivyo, leseni haiondoi uchovu: mlezi aliyechoka huwa mkali upesi, na anayeumia kwanza ni mtoto.