Nuru Inayopofusha

Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ni kweli katika nchi nyingi, lakini katika nchi ya theluji ina upungufu wake. Huko mwenye macho mazima huweza kuwa kipofu mchana, si kwa giza, bali kwa nuru. Theluji mpya hurudisha juu kadiri ya asilimia 80 ya miali ya jua iitwayo urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Hivyo macho huchomwa kutoka juu na kutoka chini kwa wakati mmoja. Maumivu hayaji palepale. Hukawia saa kadhaa, kisha mtu huhisi kama aliyetiwa mchanga machoni, machozi yakamtoka, asiweze kustahimili hata mwanga wa mshumaa. Aghalabu macho hupona baada ya siku moja au mbili. Walakini siku mbili za upofu mlimani zatosha kumwua mtu.

Adha hii ni ya kale. Xenophon, Mgiriki aliyepita na askari katika theluji ya Armenia zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, aliandika kuwa baadhi yao walipofuka, na kwamba kinga ilikuwa kushika kitu cheusi mbele ya macho wakati wa kutembea. Wainuiti wa kaskazini ya mbali walikuwa na hila bora. Walichonga vipande vya mti, mfupa au pembe vikaenea uso barabara, wakavitoboa mwanya mwembamba wa kuchungulia, na pengine wakavipaka masizi kwa ndani ili visimetemete. Miwani hiyo haikuwa na kioo, basi haikufanya ukungu. Na mwanya ule, pamoja na kupunguza nuru, ulisaidia jicho kuona kwa udhahiri.

Maarifa hayo hayakumwokoa kila aliyekuja baadaye. Tarehe 4 Juni 1924, Mwingereza Edward Norton alipanda mlima Everest hata akafika karibu meta 8,570. Njiani aliivua miwani yake, kwa kuwa alikanyaga miamba myeusi zaidi kuliko theluji, na miwani ilimzuia kuona pa kuweka mguu. Hoja yake ilikuwa na sura ya akili, lakini jua la mlimani halikuijali. Alianza kuona kila kitu kuwa viwili, na usiku ule macho yakafunga kwa muda wa saa 60 hivi. Wenzake George Mallory na Andrew Irvine walipoondoka tarehe 6 Juni kukijaribu kilele, Norton aliwaaga kwa kuwashika mkono tu, asiweze kuwatazama wakienda. Hawakurudi tena. Maiti ya Mallory ilipopatikana mwaka 1999, miwani ilikuwa mfukoni mwake. Watu wengine wakatoa hoja kuwa alianguka baada ya jua kutua.

Nuru kali ni nusu tu ya tabu. Nusu ya pili wanaijua sana watu watelezao juu ya theluji kwa mbao ndefu ziitwazo skii. Jicho hutambua tuta na shimo kwa msaada wa kivuli. Mawingu yakitanda, nuru hutawanyika pande zote, vivuli hutoweka, na mbingu na ardhi huwa weupe mmoja. Hapo mtelezaji huweza kuingia shimoni asilione, au akadhani anakwenda kumbe amesimama. Miwani nyeusi siku hiyo ni kuongeza msiba juu ya msiba. Kifaacho ni kioo cha manjano au cha rangi ya waridi, kwa sababu hupunguza nuru ya buluu na kuzidisha tofauti baina ya kitu na kitu.

Kwa hiyo vioo hupangwa kwa daraja, kutoka 0 hata 4. Daraja la 1 hupitisha asilimia 43 mpaka 80 ya nuru, nalo ni la siku ya mawingu. La 3 hupitisha 8 mpaka 18, kwa siku ya jua. La 4 hupitisha 3 mpaka 8 tu, kwa barafu ya milima mirefu. Ama ukungu wa pumzi na jasho, Mmarekani Bob Smith, tabibu wa meno aliyependa skii, aliupunguza mwaka 1965 kwa miwani ya vioo viwili vyenye hewa katikati, na sponji ya kupitisha upepo.

Lakini hakuna kioo kiwezacho kuumba kivuli pasipo na kivuli. Mwenye busara, siku ya weupe mtupu, hupunguza mwendo na kukaa karibu na miti, ambayo mashina yake humwonyesha ardhi ilivyo; na weupe ukizidi, hushuka nyumbani. Norton aliliamini jicho lake kwa sababu lilikuwa bado linaona. Katika theluji, jicho huwa la mwisho kupata habari ya upofu wake.