Tasnifu ukiwa Chanika: Tafuta vyanzo kabla hujapanda daladala

Kutoka Chanika mpaka maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ni safari ya kuunganisha magari, na foleni ya Gongo la Mboto haijali kama supavaiza anakusubiri. Ukifika bila kujua unatafuta nini, siku imekwisha.

Wakutubi hufundisha mambo haya, ila wanachuo wengi huyakwepa wakiwa mwaka wa kwanza, kisha wanayakumbuka mwaka wa tatu tasnifu ikiwa mlangoni. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwenye simu, hata ukiwa kitandani.

Tuchukue mada moja ya nyumbani: upatikanaji wa maji Chanika.

Majina kwanza

Ukiandika "maji Chanika" Google itakuletea habari za miradi na picha za viongozi wakifungua bomba. Makala za kitaaluma zimejificha kwenye maneno mengine. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtafiti mara nyingi haandiki Chanika kwenye kichwa cha makala. Anaandika Ilala, Dar es Salaam, au "peri-urban", yaani pembezoni mwa mji.

Halafu kuna mtego wa majina ya taasisi. Huduma ya maji Dar ilikuwa chini ya NUWA hadi 1997 ilipokuja DAWASA. Mwaka 2003 ikapewa kampuni ya City Water, mkataba ukavunjwa 2005, ikaingia DAWASCO, ambayo 2018 iliunganishwa na DAWASA. Ukitafuta kwa neno DAWASA pekee, unaweza kupitwa na ripoti nyingi za miaka 13 ya DAWASCO.

Mipaka nayo imecheza. Zamani Jiji la Dar es Salaam lilimaanisha mkoa mzima. Tangu Februari 2021, ni iliyokuwa Manispaa ya Ilala, ambako Chanika ipo. Ukiweka takwimu za "Jiji" za 2015 na za 2022 kwenye jedwali moja bila maelezo, umelinganisha maeneo mawili tofauti. Hilo huwa halionekani mpaka siku ya kutetea tasnifu.

Kwa hiyo andika hivi: DAWASA OR DAWASCO OR NUWA, hiyo OR ikiwa herufi kubwa. Maneno yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za nukuu, mfano "water vendors" "Dar es Salaam". Matokeo yanapungua sana, na hicho ndicho unachotaka.

Chanzo kimoja huzaa vingine

Hapa ndipo wengi wanapoteza muda, wanatafuta upya kila siku. Ukipata kazi moja nzuri, ing'ang'anie. Mfano ni tasnifu ya Marianne Kjellén ya Chuo Kikuu cha Stockholm, 2006, kuhusu upatikanaji na usambazaji wa maji Dar es Salaam. Orodha yake ya marejeo inakurudisha nyuma kwa waliomtangulia. Kisha ifungue kwenye Google Scholar: chini ya jina la kazi kuna kiungo cha waliomnukuu, nacho kinakupeleka mbele, kwa walioandika baada yake.

Kwa njia hiyo hiyo unaweza kufika kwenye Drawers of Water, utafiti wa 1972 kuhusu matumizi ya maji majumbani Kenya, Uganda na Tanzania, uliorudiwa takriban miaka 30 baadaye. Supavaiza wa somo hili huenda akaulizia.

Ukiambiwa ulipie

Usiguse bumu. Tanzania ni kati ya nchi ambazo taasisi zake hupata majarida bure kupitia Research4Life. Paswedi iko kwa mkutubi wa chuo chako, siyo steshenari. Muulize pia namna ya kuingia ukiwa nje ya chuo. African Journals Online nayo ina makala nyingi za bure kutoka majarida ya Afrika.

Na ChatGPT? Inasaidia kupata maneno ya kutafutia. Orodha ya marejeo usiichukue kwake, kwa sababu hutunga vitabu na makala ambazo hazipo. Mwaka 2023 mawakili wawili New York walipigwa faini ya dola 5,000, pamoja na ofisi yao, baada ya kupeleka mahakamani kesi za kubuni zilizotoka huko. Kila chanzo kihakiki: nakili kichwa chote, kifunge kwa nukuu, tafuta. Kama kina namba ya DOI, ibandike doi.org uone kama inafunguka.

Takwimu za watu chukua kwenye sensa ya 2022. Mkoa wa Dar una watu 5,383,728. Ukikuta 4,364,541, hiyo ni ya 2012.

Siku ya kwenda

Sasa nenda, ukiwa na orodha ya vitabu na namba zake za rafu kutoka kwenye katalogi ya mtandaoni. Vya usambazaji wa maji huwa TD kwenye mfumo wa Congress, 628 kwenye Dewey. Pale Mlimani, jengo jipya la 2018 linachukua watu 2,100 kwa wakati mmoja. Ulizia kitengo cha East Africana: ndiko ziliko kazi za Afrika Mashariki ambazo nyingine hutazikuta mtandaoni.

Kama Mlimani ni mbali mno, Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, katikati ya mji. Kwa anayetokea Chanika, hiyo inapunguza gari moja.