Uboreshaji wa malori Karagwe na Kyerwa

Uboreshaji wa malori katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ni kazi ya kuongeza nguvu ya injini ya dizeli na kupunguza mafuta inayotumia. Malori ya huko, mengi yakiwa Mitsubishi Fuso, Canter na Isuzu, hubeba kahawa, ndizi na maharage. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012.

Mazingira ya kazi

Sehemu kubwa ya nyanda za Karagwe iko kati ya mita 1,200 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mita 1,500 msongamano wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 14, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Lami ya barabara ya Kyaka–Bugene imerahisisha safari, lakini bado gari lililojaa hupanda milima mirefu kutoka bonde la mto Kagera. Upande wa Nkwenda na Murongo, wilayani Kyerwa, malori yamezoea changarawe na vumbi. Msimu wa kahawa ya robusta, ambayo husafirishwa ikiwa kavu ndani ya maganda yake, huangukia zaidi kiangazi, wakati vumbi limekithiri.

Hewa na mafuta

Kazi huanza kwenye chujio la hewa. Fundi hufungua mkebe wake, kisha hupitisha kidole ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini. Vumbi likibaki kidoleni, chujio au mpira wake unavujisha, na ringi za pistoni zinaliwa. Kulipuliza chujio mara kwa mara kwa upepo wa kompresa hulitoboa; likichoka hubadilishwa.

Baada ya hapo hupimwa mgandamizo wa silinda na uwazi wa valvu. Pampu ya dizeli na nozeli hupelekwa kwenye mashine ya kupimia ili kila silinda ipate kiasi sawa cha dizeli. Wapo wanaofungulia pampu ili itoe mafuta mengi zaidi. Kwenye injini isiyo na turbo, dizeli hiyo ya ziada hukosa hewa ya kuiunguza: hutoka kama moshi mweusi, huosha oili kwenye kuta za silinda, na gari hula mafuta bila kuongeza mwendo.

Turbo na kubadili injini

Turbo huzungushwa na moshi wa eksozi na kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda, hivyo hufidia upungufu wa hewa ya milimani. Kipoza hewa kikiwekwa kati ya turbo na injini, hewa hushikana zaidi na joto la silinda hupungua.

Injini ya 4D33 ya Canter, yenye lita 4.2, ilitengenezwa bila turbo. Kuifungia turbo kunahitaji njia ya oili ya kulainisha turbo, pampu iliyopangwa upya na pistoni zinazohimili joto; bila hayo pistoni huyeyuka au gasketi ya hedi hukatika. Njia salama zaidi ni kufunga injini iliyotoka kiwandani na turbo, kama 4D34 ya lita 3.9. Namba ya injini mpya huingizwa kwenye kadi ya usajili ya gari.

Gia, matairi na uendeshaji

Difu ya mwendo, yaani yenye uwiano mdogo wa gia, hufaa safari ndefu za lami kuelekea Mwanza, kwa kuwa injini huzunguka polepole. Lori linaloshinda vijijini hufaidika na difu ya nguvu, yenye uwiano mkubwa. Upungufu wa psi 10 kwenye matairi yote huongeza matumizi ya mafuta kwa karibu asilimia 1. Breki zinazokwama, magurudumu yaliyopinda na turubai linalopeperuka nazo hula dizeli. Dereva anayebadili gia kabla injini haijazidiwa huokoa mafuta bila gharama yoyote.

Kikomo cha mzigo

Injini yenye nguvu zaidi hairuhusu mzigo mkubwa zaidi. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania tangu 2019, huweka kikomo kwa ekseli na kwa gari zima, ambalo halipaswi kuzidi tani 56. Kwa hiyo faida ya uboreshaji hupimwa kwa lita za dizeli zinazotumika kufikisha mzigo halali.